Geuza Hereni Uangalie Mgongo Wake

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, kule Kirumba jijini Mwanza, alifika kwenye meza yangu ya kazi, akafungua pindo la kanga na kutoa hereni moja ya duara, pana kama kifuniko cha chupa ya soda, ambayo kitanzi chake cha kuning'inizia kilikuwa kimekatika. Upande wa mbele ulikuwa bado na rangi ya dhahabu, ingawa ukingoni rangi hiyo ilikuwa imeanza kuisha na kuacha wekundu hafifu wa shaba. "Mwanangu, nichomelee hapa tu, kitanzi hiki hapa," alisema. Nikaigeuza. Mgongoni palikuwa pa kijivu, na vishimo vidogo vya kiasi cha ncha ya sindano, na mstari mwembamba uliozunguka ukingo wote mfano wa mshono wa nguo. Mstari ule ulinitosha. Hereni ile haikufuliwa kwa nyundo wala haikukatwa kutoka kwenye bati, bali ilimiminwa katika kalibu ya mpira yenye pande mbili, kwa metali isiyoweza kustahimili moto wangu. Nilimwambia, "Mama, nikiipeleka motoni itayeyuka yote kabla lehemu haijashika." Akaniangalia kama mtu aliyenyimwa msaada mdogo na mtu mwenye uwezo wa kumsaidia.

Nimeamua kuandika makala haya kwa sababu ya mtazamo ule. Tunaovaa vito vya mitindo, yaani hereni, mikufu, bangili na pete zilizotengenezwa kwa shaba, zinki, kioo, shanga na pembe badala ya dhahabu halisi, tumezoea kuvichagua kwa kuangalia upande wa mbele, ambao mtengenezaji yeyote anaweza kuupendezesha. Mgongo wa hereni, kiungo cha mkufu na ncha inayoingia sikioni ndivyo vinavyoeleza kitu kilitengenezwaje, kitadumu muda gani, na kitaifanya nini ngozi ya mvaaji. Wakati huohuo tumelizoea mno neno "bandia". Mimi silipendi. Bandia ni kitu kinachojifanya kingine, ilhali bangili ya shaba iliyofuliwa vizuri na kuuzwa kwa jina la shaba haimdanganyi mtu. Kilicho bandia ni shaba inayouzwa kwa jina la dhahabu, na hata hapo kosa ni la muuzaji, si la shaba.

Katika jiji letu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa Mwanza imezungukwa na dhahabu. Geita iko ng'ambo ya ghuba, wachimbaji wadogo wanapita mitaani kwetu kila siku, na kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa hapa hapa mwezi Juni 2021. Hata hivyo, ukisimama asubuhi kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga ukayatazama masikio ya abiria, utaona kwamba wengi wamevaa metali za bei nafuu. Watu wengi wanapamba miili yao kwa vito vya namna hii, na mimi naona vinastahili kuelezwa kwa umakini uleule tunaoutumia kuizungumzia dhahabu.

Kazi hii niliianzia Makoroboi, mtaa uliopata jina lake kutokana na mafundi waliokuwa wakitengeneza koroboi, vile vibatari vya mafuta ya taa, kwa mabati ya makopo. Mzee aliyenifundisha hakuwa sonara. Alikuwa fundi wa bati, na alichonipa ni jicho la kuangalia maungio. Koroboi yenye mshono mbaya huvuja mafuta, na mafuta yakivuja nyumba inaungua; kwa hiyo kila mara nilipomletea kazi yangu aliipindua kwanza, akapitisha ukucha kwenye mshono, ndipo akaitazama sura yake. "Sura hata mtoto ataiona," aliniambia. Nilipohamia kwenye hereni na bangili nilikwenda na tabia hiyo, na ndiyo iliyonifanya niigeuze hereni ya yule mama kabla sijamjibu.

Nianze basi na namna hereni yake ilivyotengenezwa, kwa kuwa hereni nyingi zinazouzwa kwenye meza za sokoni zimepitia njia hiyo. Fundi wa kiwandani huanza na kielelezo kimoja kilichochongwa kwa uangalifu. Vielelezo kadhaa hupangwa kwa mzunguko kati ya sahani mbili za mpira mbichi, kisha sahani hizo hubanwa kwenye mashine yenye joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi hadi mpira uive na kushika alama ya kila mstari wa kielelezo. Zikitenganishwa, vielelezo hutolewa, na fundi hukata kwa kisu vijia vyembamba vinavyotoka katikati ya sahani kuelekea kwenye kila tundu lenye umbo la hereni. Kalibu hufungwa tena, huwekwa kwenye mashine na kuzungushwa mamia ya mara kwa dakika, huku metali iliyoyeyuka ikimiminwa katikati. Mzunguko unairusha metali nje, kama matone yanavyoruka kutoka kwenye nguo iliyolowa unapoikung'uta, nayo hujaza kila upenyo wa umbo. Baada ya muda mfupi kalibu hufunguliwa na makumi ya hereni hutoka kwa mkupuo mmoja, zikiwa zimeshikana na vijia vyake kama matunda kwenye kikonyo. Vijia hukatwa na kurudishwa chunguni, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Mpira haustahimili joto kali, na hilo ndilo linaloamua metali itakayotumika. Metali iitwayo bati huyeyuka kwa nyuzi 232, na aloi (michanganyiko ya metali) za zinki zinazotumika sana katika vito huyeyuka karibu na nyuzi 385, tena hizo huhitaji mpira wa silikoni. Shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, inahitaji zaidi ya nyuzi 900. Ingeichoma kalibu ya mpira mara moja. Hapo ndipo urahisi wa bei unapotokea, na hapohapo ndipo udhaifu unapotokea pia. Lehemu ya fedha ninayoitumia kuungia shaba huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 650 na kuendelea, joto ambalo aloi ya zinki imekwisha kuwa maji zamani. Nayo lehemu ya bati, ambayo ni ya joto dogo, haishiki vizuri juu ya aloi hiyo kwa sababu ndani yake mna alumini kidogo, na alumini hujifunika utando unaoizuia lehemu. Vile vishimo vya mgongoni ni hewa iliyokwama metali ilipokuwa ikiganda, na ule mshono ni mahali pande mbili za mpira zilipokutana. Sisemi kwamba njia hii ni mbaya. Kitu kilichomiminwa na fundi makini, kikasafishwa mshono wake na kitanzi chake kikaachwa kiwe kinene, huvaliwa miaka mingi. Ubaya ni kukifanya kitanzi chembamba kama uzi ili gramu moja ya zinki iokolewe, kisha hereni nzima inakuwa taka siku kitanzi kinapokatika.

Njia nyingine ya kiwandani ni kupiga chapa. Bati jembamba la shaba huwekwa kati ya vyuma viwili vigumu, kimoja kikiwa na umbo lililochongwa kuingia ndani na kingine kikiwa na umbo linalotokeza nje, kisha mashine nzito hulikandamiza mara moja. Ukiigeuza hereni ya namna hii utaona ua lilelile la mbele likiwa limebonyea kwa nyuma, nayo ni nyepesi sikioni. Kuchonga vile vyuma ni gharama kubwa, kwa hiyo njia hii inamfaa anayetengeneza maelfu.

Mimi sitengenezi maelfu. Nakata kwa mkono kutoka kwenye bati la shaba ya manjano la unene wa milimita 0.8, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo, kwa sababu kitu kinachotokea ndani ya shaba inapofuliwa bado kinanishangaza kama siku ya kwanza. Chukua kipande cha bati hilo, kikate duara kwa msumeno wa sonara, ule wenye uzi mwembamba ambao meno yake huelekezwa chini kuelekea mpinini, kisha kiweke juu ya kigogo cha mti kilichochimbwa kishimo na ukigonge kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo. Mapigo ya kwanza yanatoa sauti nzito, na shaba inakubali kuingia kishimoni. Baada ya muda sauti inabadilika, inakuwa kali na ya juu, na mkono unaanza kuhisi kwamba nyundo inarudishwa. Hakuna kilichoongezwa katika shaba hiyo. Kilichotokea ni kwamba chembe zake, ambazo mwanzoni zilikuwa zikiteleza moja juu ya nyingine, zimesukumana na kukwama, na kila pigo linazidi kuzikwamisha. Ukipuuza sauti hiyo na kuendelea kugonga, ukingo utapasuka, na ufa wa shaba hauna dawa.

Dawa ni kusimama mapema na kuipumzisha shaba. Naipeleka kivulini, kwa sababu juani rangi ya metali inayopata moto haionekani vizuri, naipitishia mwali mpaka iwe na wekundu hafifu kama wa kaa linalokaribia kufa, kisha naitia majini. Anayejua kazi ya visu atadhani nimeikaza, kwa kuwa chuma cha kisu kikitiwa majini kikiwa chekundu huwa kigumu. Shaba haiko hivyo. Moto umezipa chembe zake nafasi ya kujipanga upya, na maji yananisaidia tu nisisubiri ipoe. Ikitoka majini ni laini kiasi cha kukunjwa kwa vidole, ingawa ni nyeusi kwa utando ulioachwa na moto juu yake. Weusi huo nauondoa kwa maji ya moto yaliyoyeyushwa shabu, shabu ileile ambayo watu huitumia kutuliza tope la maji ya kunywa, nikitumia koleo la shaba au la mti, kamwe si la chuma, kwa sababu chuma kikiingia kwenye maji hayo yaliyokwisha kutumika, shaba iliyoyeyuka humo hurudi na kuipaka kazi yote wekundu. Bangili moja nene naweza kuipumzisha mara nne au tano kabla haijafikia umbo ninalolitaka. Mapigo ya mwisho siyapumzishi, kwa kuwa ugumu wake ndio utakaoizuia bangili isibonyee mvaaji akigonga mkono kwenye mlango wa daladala.

Niliwahi kujaribu njia ya kumimina shaba mwenyewe, na sina budi kueleza yaliyonipata. Nilichonga maumbo kwa nta ya nyuki, nikayafunika kwa plasta, nikayachoma ili nta itoke na kuacha uwazi wa umbo lake, nikamimina humo shaba niliyoiyeyusha kwa makaa na feni ya gari. Njia yenyewe ni ya kale sana, nayo ndiyo inayotumika hadi leo viwandani kwa vito vya shaba na fedha vyenye maumbo magumu. Tofauti ni kwamba kiwandani plasta huchanganywa na silika na kuokwa polepole kwa saa nyingi hadi joto lipite nyuzi 700, wakati mimi nilikuwa na haraka. Plasta yangu ilikuwa na unyevu ndani, unyevu ukageuka mvuke, na shaba ikaruka kutoka kwenye kalibu kama mafuta ya kukaangia. Ilinikosa. Kisha, kwa sababu nilikuwa nimeiacha shaba ipate moto kupita kiasi, moshi mweupe ulipanda na vijinyuzi vyeupe kama pamba vikaelea hewani. Hiyo ilikuwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na shaba ya manjano inayeyuka karibu kabisa na hapo, kwa hiyo kosa dogo la moto linaigeuza zinki kuwa moshi.

Jioni ile nilishikwa na baridi, viungo vikauma, kinywa kikawa na ladha ya sarafu. Kama mtu yeyote wa ukanda huu nilidhani ni malaria, nikaenda kupima na haikuonekana. Kesho yake nilikuwa mzima. Baadaye ndipo nilipojua kwamba homa hiyo ni ya moshi wa metali, wachomeleaji wa mabati yenye zinki wanaijua, na huja saa chache baada ya kazi. Naiandika hapa kwa sababu najua vijana wanaoyeyusha shaba kwenye vyumba visivyo na dirisha, na homa ya jioni wanaihesabu kuwa ni ya mbu.

Jambo la pili nililojifunza katika majaribio yale linanigusa zaidi. Shaba niliyokuwa nikiyeyusha ilitokana na vyuma chakavu, hasa koki za mabomba na makufuli, kwa kuwa ni rahisi kupatikana na ni nafuu. Shaba ya koki huwekewa risasi, ile metali yenye sumu, makusudi, kwa kawaida asilimia 2 au 3, ili iwe rahisi kuchongwa kwenye mashine. Umoja wa Ulaya hauruhusu risasi katika vito izidi asilimia 0.05, na kwa kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, kikomo ni asilimia 0.01. Linganisha kikomo hicho cha risasi na kiasi kilichomo kwenye koki. Risasi haiingii mwilini kwa urahisi kupitia ngozi nzima, lakini mtoto hutia hereni na kidani kinywani, na mama aliyevaa bangili hukanda unga. Nilikuwa nimekwisha kuuza vipande kadhaa. Niliwafuata niliowakumbuka, nikawarudishia fedha, na tangu hapo natumia bati la shaba jipya, ambalo kwa kuwa limekusudiwa kukunjwa na kubanwa halina sababu ya kutiwa risasi. Nawasihi mafundi wenzangu: koki ya bomba iende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, isiende sikioni mwa mtoto.

Sasa nije kwenye rangi ya dhahabu yenyewe, ambayo ndiyo inayozua manung'uniko mengi. Mitaani tunasema kitu "kimechovywa", na neno hilo linamfanya mtu afikiri kwamba hereni ilitumbukizwa kwenye chungu cha dhahabu kama andazi kwenye mafuta. Ukweli ni kwamba inatumbukizwa kwenye maji yenye chumvi za dhahabu, yakapitishwa umeme. Hereni huunganishwa na upande hasi wa umeme, na chembe za dhahabu zilizomo majini huvutwa na kutulia juu yake moja baada ya nyingine. Mwitaliano Luigi Brugnatelli alifanya hivyo mwaka 1805, miaka michache tu baada ya betri ya kwanza kuvumbuliwa, na mwaka 1840 ukoo wa Elkington wa Birmingham, Uingereza, ulipata hataza iliyoifanya kuwa kazi ya kiwanda. Nyingi ya chumvi hizo hutengenezwa kwa sianidi, sumu ambayo watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa, na ndiyo sababu mimi sichovyi mwenyewe wala sitamfundisha mtu kuchovya nyumbani kwake.

Lakini nimejifunza kinachotofautisha kazi nzuri na mbaya, na hesabu yake ni nyepesi. Unene wa dhahabu hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Chukua hereni ambayo uso wake wote, mbele na nyuma, ni sentimita 10 za mraba. Ikipakwa dhahabu ya unene wa mikroni 0.1, unene wa kawaida kwa vitu vya bei ya chini, dhahabu yote iliyo juu yake ina uzito wa miligramu 2 hivi. Maana yake gramu moja ya dhahabu inatosha hereni 500. Marekani, kwa fedha iliyopakwa dhahabu kwa kiwango cha juu, wanataka mikroni 2.5, ambayo kwa hereni ileile ni karibu miligramu 48. Hereni zote mbili zitang'aa sawasawa siku ya kununuliwa, na hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha. Ile ya kwanza itaanza kuisha mahali shingo au nguo inapoigusa, pengine ndani ya majuma machache ya jasho la Mwanza. Ya pili itavaliwa miaka.

Chini ya dhahabu nako kuna mengi. Aloi ya zinki huliwa haraka na maji ya kuchovyea, kwa hiyo hupakwa shaba kwanza, na ule wekundu niliouona ukingoni mwa hereni ya yule mama ulikuwa ni tabaka hilo likijitokeza. Tena shaba na dhahabu zikigusana moja kwa moja, shaba hupenya polepole hadi juu na kuifubaza dhahabu, basi kati yake mara nyingi huwekwa nikeli kama ukuta. Kabla ya yote hayo kitu kinapaswa kuwa safi kabisa. Fundi mzuri hukitia majini na kukitoa: maji yakitanda juu yake kama ngozi moja, hakina mafuta, yakijikusanya matone matone, kuna mafuta, na dhahabu itakayopakwa hapo itabanduka kama rangi juu ya ukuta wa vumbi. Alama ya kidole kimoja inatosha kuharibu.

Rangi ya kijani inayobaki shingoni, ambayo watu huiona kuwa ushahidi wa utapeli, si sumu wala si ushahidi wa chochote isipokuwa kwamba shaba imekutana na jasho. Hata bangili zangu huiacha, nami huwaambia wateja kabla hawajalipa. Maji na sabuni huiondoa, na nta ya nyuki iliyopakwa kwa kitambaa huichelewesha.

Nikeli ndiyo inayonitia wasiwasi. Mwaka fulani niliagiza kulabu za hereni kutoka kwa muuzaji wa jumla wa Dar es Salaam, mfuko wa jozi mia tano, ukiwa na maandishi ya kuhakikisha kwamba hazina nikeli. Niliziamini kwa sababu ya maandishi. Ndani ya mwezi mmoja wateja wanne walirudi masikio yamevimba, yanawasha na kutoa maji, na mmoja wao alikuwa binti wa dada yangu, ambaye hakulalamika kwa kuwa alidhani ni kosa la sikio lake. Nilichukua sumaku, nikaisogeza kwenye kulabu zilizobaki, na zote zikarukia. Zilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli. Mwili wa mtu ukishaikataa nikeli mara moja, kwa kawaida utaikataa maisha yake yote, na saa, vifungo vya suruali na hata sarafu zinaweza kumwasha. Binti yule sasa ana mzigo huo, na aliupata kwangu.

Umoja wa Ulaya ulitoa sheria ya kuibana nikeli mwaka 1994. Hawapimi kiasi kilichomo ndani ya metali, bali kiasi kinachotoka na kufika kwenye ngozi: kisizidi mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na kwa ncha inayoingia kwenye tundu la sikio kisizidi 0.2. Nauona huo ndio upimaji wenye busara, kwa kuwa chuma cha pua cha daraja la 316L kina nikeli zaidi ya asilimia 10 lakini kimeishikilia kiasi kwamba masikio mengi hayaisikii. Nami sasa hutumia kulabu za chuma hicho, na kwa wenye masikio mepesi kuudhika hutumia titani, ambayo haina nikeli kabisa. Kila mfuko mpya nauchukulia kulabu tano na kuzipima kwa dawa maalumu: unaidondoshea pamba, unasugua metali, na pamba ikigeuka rangi ya waridi unajua nikeli inatoka. Sumaku pekee haitoshi, kwa kuwa shaba iliyopakwa nikeli huenda isivutwe nayo kwa namna ya kuonekana.

Kuhusu shanga nitasema machache, ingawa ndizo zilizotangulia kufika ukanda huu. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka pwani ilizileta hadi huku ziwani pamoja na masango, zile nyaya nene za shaba, na shanga nyekundu za samesame zilikuwa fedha kamili ya kununulia chakula njiani. Nyingi zilitengenezwa Venisi, kwa kuvuta kioo cha moto kilichopulizwa uwazi katikati mpaka kiwe mrija mrefu na mwembamba, kuukata vipande vidogo, kisha kuvizungusha kwenye moto pamoja na unga unaozuia matundu yasizibe mpaka kingo kali zilainike. Shanga ndogo za leo hutengenezwa kwa misingi hiyohiyo, na namba yake ikiwa kubwa ushanga ni mdogo. Jambo la kuangalia ni rangi. Rangi iliyomo ndani ya kioo chenyewe haitoki, lakini iliyopakwa juu hutoka. Weka shanga chache kwenye pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na utajua kabla hujashona kidani kizima.

Na uzi. Hapa Mwanza tunabahatika, kwa sababu maduka ya zana za uvuvi yana nyuzi za nailoni za kila unene, na washonaji wengi wa shanga hununulia huko. Wengi huchukua ule uzi mmoja unaong'aa wa ndoano, kwa kuwa hauhitaji sindano. Mimi naushauri uachwe: fundo lake huteleza, na jua huukausha hadi ukavunjika. Uzi wa kusokotwa, ule wa kushonea nyavu, hushika fundo vizuri, na ukipakwa nta kidogo hauliwi haraka na kingo za kioo.

Hereni ya yule mama sikuichomelea. Nilipiga alama kwa ncha ya msumari milimita tatu chini ya mahali kitanzi kilipokatikia, nikatoboa tundu la milimita moja na nusu kwa kekee ya mkono, polepole, kwa sababu zinki iliyomiminwa hukatika ghafla ikiharakishwa. Nikalainisha tundu kwa tupa ya mviringo, nikapitisha pete ndogo ya chuma cha pua, na kwenye pete nikatundika kulabu mpya. Kisha nikaziondoa kulabu za ile ya pili iliyokuwa bado sikioni mwake, kwa kuwa sumaku yangu ilizirukia. Aliilipia kazi, akaiweka ya kwanza kiganjani, akaigeuza, akapitisha ukucha kwenye ule mshono wa ukingoni na kuniuliza kama mstari ule nao ungeweza kuondolewa. Nilimpa kipande cha msasa namba 600 na kumwonyesha namna ya kusugua bila kuigusa dhahabu ya mbele.